Ulichoambiwa, Kifanye Kingali Moto

Mjukuu wangu, najua kuna jambo umeambiwa. Usinikatalie. Mtu aliyeambiwa jambo na Mungu akaliweka kiporo hujulikana kwa macho: anacheka na wenzake, lakini amekaa upande wa mlango.

Sijui ni jambo gani. Pengine ulikuwa kwenye treni namba 13, imetoka shimoni baada ya Mälarhöjden, ikaingia mwangani hapa Bredäng, kitongoji chetu cha Stockholm, ukasikia moyoni: mpigie baba yako. Au ulikuwa unasali usiku, likakujia jina la mtu aliyekukosea, ukaambiwa umsamehe na deni lake. Au ni lile la shule, kwamba uache kozi uliyochaguliwa na marafiki ukasomee uuguzi. Halikuja na radi. Lilikuja fupi na wazi, ukajua si wazo lako, maana wewe usingejichagulia kazi ngumu namna ile.

Ukasema, "Nitaombea zaidi."

Hapo ndipo ninapotaka kukushika mkono, mwanangu.

Kuomba ni kuzuri. Mimi nimelelewa kwenye makanisa ya Kivu, Kongo, yale yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kipentekoste wa Kiswidi tangu miaka ya 1920, na magotini nimekaa kuliko nilivyokaa kwenye kochi. Lakini kuna kuomba kwa kutafuta njia, na kuna kuomba kwa kukwepa njia. Ukishaambiwa ufungue mlango, ukarudi kuuliza kama kweli ni mlango, ukarudi tena kuuliza kama ni leo, ukarudi tena kuuliza kama hakuna dirisha, huombi tena. Unabembeleza ubadilishiwe.

Agizo la Mungu ni kama uji wa mgonjwa, hunywewa ungali moto. Ukiuacha, unafanya utando. Kesho umeganda. Keshokutwa unauonja, unasema hauna ladha, huenda hata haukuwa uji.

Nakusihi, kunywa ungali moto.

Ninaye mzee mwenzangu hapa Bredäng, jina silitaji. Miaka mingi iliyopita aliambiwa apatane na mdogo wake aliyebaki nyumbani. Walikuwa wamegombana juu ya kiwanja. Aliambiwa katika maombi, akaambiwa katika ndoto, mwisho akaambiwa na mke wake, na mke akikwambia kitu kile kile ulichoambiwa na Mungu, bwana, hapo mashahidi wametimia. Akasema atakwenda akipata uraia. Akaupata. Akasema atakwenda akistaafu. Mdogo wake hakumngoja.

Mzee akatuma hela, kaburi likajengwa zuri, likawekwa vigae. Lakini kaburi la vigae halipokei simu.

Hilo halikunitisha sana. Wangapi wamezika ndugu wakiwa na kinyongo? Lililonitisha ni lililofuata. Siku hizi kila Ijumaa usiku yule mzee yuko kwenye simu na nabii mmoja ambaye hajawahi kumwona ana kwa ana. Anamuuliza kama marehemu amemsamehe. Nabii anamjibu kwamba bado kuna kifungo, aongeze sadaka. Pensheni inakwenda. Mtu aliyekuwa anasikia mwenyewe, bure, leo ananunua.

Mimi husema hivi, na mnaweza kunicheka: asiyetumia sikio lake atakodishiwa la mwenzake. Ukikataa kutii neno dogo ulilosikia wazi, hutabaki bila sauti. Utabaki na njaa ya sauti. Na mwenye njaa haulizi nani kapika.

Wala usidhani haya ni mambo ya kwetu Afrika tu, kwa hiyo wewe uliyezaliwa hapa na kusoma kwa Kiswidi umesalimika.

Tarehe 10 Januari 2004, katika kijiji cha Knutby, upande wa Uppsala, msichana aliyekuwa yaya katika nyumba ya mchungaji alimpiga risasi mke wa mchungaji huyo, akafa. Akampiga na jirani, ambaye alinusurika. Kabla ya hapo alikuwa akipokea ujumbe kwenye simu, hauna jina la mtumaji, naye akaamini ni maneno ya Mungu. Polisi waliufufua ujumbe uliokuwa umefutwa. Mahakama ikaona aliyekuwa nyuma yake ni mchungaji mwenyewe, ikamfunga kifungo cha maisha. Msichana akapelekwa kwenye matibabu ya akili chini ya ulinzi.

Walikuwa watu wa hapa hapa. Wana shule, wana maktaba, wana maji ya moto kwenye bomba. Na msichana yule hakuwa mpumbavu. Alikuwa na hamu ya kweli ya kumtii Mungu, ila sikio lake lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Na wewe mvulana unayejiona hayakuhusu kwa sababu kanisani huendi, hebu nikuulize. Si unajua jinsi simu zinavyowatuma watoto wa vitongoji vya Stockholm siku hizi? Mtoto anaelekezwa mlango, anaahidiwa hela, anakwenda kubeba damu ya mtu asiyemjua kwa niaba ya mtu asiyemjua. Sisemi ni jambo moja na la Knutby. Nasema mtindo ni mmoja: anayetuma hana sura, na anayelipa ni wewe.

Sasa tulia nikupeleke kwa mwanamke mwingine. Katika Uppland hiyo hiyo, si mbali na Knutby, kuna mahali panaitwa Finsta. Inasemekana ndipo alipozaliwa Birgitta, karibu mwaka 1303. Mimi si Mkatoliki na watakatifu siwaombi, lakini huyu mama namvulia kofia.

Alikuwa mke wa bwana mkubwa, Ulf Gudmarsson, na mama wa watoto wanane. Mume alipofariki mwaka 1344, yale aliyokuwa akioneshwa tangu utotoni yakamzidi nguvu. Aanzishe utawa mpya. Aende Roma. Awaambie wafalme na mapapa makosa yao, mbele ya macho yao. Jaribu kuwaza mjane wa karne ile anapewa kazi hiyo.

Tazama alivyoenenda nayo, mjukuu wangu, tazama vizuri. Hakujifungia nayo chumbani. Aliyoyasikia yaliandikwa, yakapelekwa kwa mapadri wake wa maungamo, yakatafsiriwa Kilatini, na wasomi, akiwamo Mathias wa Linköping, wakayapitia. Aliwapa watu nafasi ya kumwambia, "Mama, hapa umekosea." Kisha, walipokwisha kusema, akafunga mizigo. Mwaka 1349, tauni ikiwa inafagia Ulaya, yeye akashika njia ya Roma.

Alipofika, Papa hayupo. Mapapa wakati huo walikuwa wakikaa Avignon, Ufaransa. Akangoja. Kibali cha kanuni za utawa wake alikipata mwaka 1370, baada ya miaka 20 na ushei. Pesa zilipomwishia, inasemekana yule mwanamke wa ukoo mkubwa alinyoosha mkono akaomba kama maskini wengine. Akafa Roma mwaka 1373, hajaiona nyumba ya watawa ya Vadstena ikifunguliwa. Iliwekwa wakfu mwaka 1384.

Weka sasa hawa wawili pamoja. Neno la Birgitta lilimgharimu Birgitta. Neno la Knutby lilimgharimu mke wa mtu. La Birgitta lilisomwa na watu wengi. La Knutby lilifutwa kwenye simu. Birgitta alimaliza akiwa maskini kuliko alivyoanza.

Kwa hiyo ukipewa neno, mwanangu, kabla ya kutetemeka na kulia, angalia kwanza bili inaandikwa jina la nani. Kama unaambiwa utoe, unyenyekee, urudishe, uombe radhi, uende ukahudumie, hilo unaweza kulipeleka mbele. Kama unaambiwa mwingine ndiye aumie ili wewe upate, au unaambiwa usimwambie mtu yeyote, au unaombwa hela kabla ya neno kumalizika, funga simu. Ujumbe wa Mungu hauombi nauli ya mjumbe.

Wazee wetu wa uamsho, wale Walokole wa Rwanda, Uganda na kwingineko, miaka ya 1930 na baadaye, walikuwa na desturi ya kulileta jambo nuruni. Mtu anasimama katikati ya wenzake anasema: nimeona hivi, nimeambiwa hivi. Wenzake wanasikiliza. Wengine wanaitikia kwa wimbo, wengine wanamuuliza maswali magumu hadi anakaa chini. Desturi ile ilikuwa na ukali wake, sikatai. Kuna walioumizwa nayo. Lakini ilikuwa inaokoa. Nyinyi mmeiacha, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na nabii wake.

Na tazama mambo hayo yanakoweza kufika. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwamo ya watoto wengi. Wengi wao walikuwa waumini waliofunga kula wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Kesi ya mhubiri wao naiachia mahakama. Mimi nayafikiria yale makaburi, na nafikiria kwamba katika kila familia ile palikuwa na mtu, pengine mama, aliyemtazama mwanawe anavyokonda na ndani yake kukasema: mpe chakula. Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti. Ilikuwa ya kwake mwenyewe, ilikuwa wazi, na palikuwa na mtu mwingine amesimama juu yake.

Niongeze na hili, na usione haya. Sauti ikiwa haikuachi ulale, inakutukana, inakwambia ujidhuru au umdhuru mtu, usingoje mkesha wa maombi. Piga 1177, namba ya ushauri wa afya, au mwambie mmoja wetu akupeleke hospitali usiku huo huo. Tutakuombea tukiwa kwenye teksi.

Lakini sasa najua ujanja wenu. Mkishasikia habari za Knutby na Shakahola, mtasema, "Basi babu, bora nisisikilize chochote." Hapana. Hapana, mwanangu! Hofu nayo ina manabii wake.

Hebu nikupe mtu wa kwetu. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, baba yake mchungaji wa Kipentekoste, katika makanisa yale yale niliyokutajia. Ameeleza mwenyewe mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto wa miaka minane hivi alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Baba akaomba. Denis akauliza: mbona mimi nikiumwa unaniombea na dawa unanipa, na huyu umemwombea tu? Baba akasema yeye si daktari. Mtoto akaamua palepale: wewe utaomba, mimi nitatoa dawa.

Wewe unaweza kuita hilo swali la mtoto. Mimi naliita ufunuo, na sitabadilika. Nimeona wengi waliooneshwa malaika wasiende popote. Huyu alioneshwa mtoto mgonjwa na pengo lililoachwa wazi kando ya kitanda chake, na akaenda.

Sikiliza ilivyokuwa ndefu hiyo njia. Akasomea udaktari Burundi. Akafanya kazi hospitali ya Lemera, akaona wanawake wanavyokufa kwa uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, na akarudi. Wengi huenda wasirudi. Oktoba 1996 Lemera ikavamiwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa humo humo hospitalini. Mwingine angesema, "Basi Mungu hakuwa amenituma." Yeye mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, na Waswidi wakiwa miongoni mwa waliosaidia. Alikusudia akina mama wajifungue salama. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa na kuharibiwa kwa risasi.

Kwa hiyo hata alipotii, kazi haikuwa ile aliyodhani. Kumbuka hilo. Mungu hakuoneshi ukurasa wa pili hadi umalize kusoma wa kwanza kwa miguu.

Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumbani kwake, mlinzi wake akauawa, yeye akakimbilia Ulaya na familia. Alikuwa na kila sababu ya kubaki huku, na nani angemlaumu? Lakini wanawake wa kisiwa cha Idjwi, watu wanaoishi kwa hela ya kuhesabu, wakaanza kuuza mazao yao kuchanga nauli ya tiketi yake. Januari 2013 akarudi Bukavu. Nobel ilikuja mwaka 2018. Nyinyi mnaijua Nobel. Mimi naikumbuka ile nauli. Alipochoka kusikia, waliomthibitishia njia ni wale aliowahudumia, na walithibitisha kwa kutoa, si kwa kuomba.

Utaniuliza: "Babu, imani ya kwenda naipata wapi? Mimi naogopa."

Naijua hofu hiyo. Fungua Matendo ya Mitume, sura ya tisa, umsome Anania wa Dameski. Anaambiwa aende kwa Sauli, mtu aliyekuja mjini kuwakamata watu kama yeye. Mungu anampa hadi jina la mtaa na jina la mwenye nyumba, kama mtu anayekuelekeza mzigo pa kuufikisha. Na Anania anabisha! Anamkumbusha Mungu sifa mbaya za Sauli, kana kwamba Mungu hakuzisikia. Hakukemewa kwa kubisha. Aliambiwa tena: nenda. Akaenda na hofu yake hivyo hivyo.

Kubisha si dhambi, mjukuu wangu. Ila usibishe miaka 10.

Wengi wenu mnangoja hofu iishe ndipo mtoke. Haitaisha. Mimi katika umri huu sijaona hofu iliyoisha ikiwa imekaa kitini. Anza na hatua ambayo ukikosea haitamuumiza mtu: simu moja, barua moja, hodi moja. Kama neno halikuwa la Mungu, umepoteza nusu saa na umesalimiana na mtu. Kama lilikuwa lake, utajua, maana lile la pili litakuja, na safari hii utalitambua upesi zaidi. Hivyo ndivyo sikio linavyokomaa. Hakuna semina itakayokupa hilo, hata ile ya kulipia.

Na mambo makubwa, ya kuoa, ya kuacha kazi, ya kurudi nyumbani au kuhama nchi, usiyafanye kwa kusikia mara moja usiku. Birgitta aliwapa watu wayasome. Nawe tuletee. Sisi wazee wa Bredäng tuna kazi gani nyingine? Tunakaa pale centrum, katikati ya kitongoji, tunahesabu treni. Njoo utuambie. Tutakuuliza maswali ya kuudhi. Utakasirika. Njoo tu.

Lakini lile dogo, ambalo hata mtoto anajua ni jema, hilo usituletee. Hilo lifanye leo. Nakuomba. Nakuomba tena.

Na wewe binti uliyeninong'oneza baada ya ibada kwamba kila ukiingia kwenye lifti unaambiwa ubishe hodi kwa yule bibi Mswidi wa ghorofa ya saba, anayekaa peke yake, na umekuwa ukiomba Mungu akupe ishara: mjukuu wangu, ishara ya nini? Lifti yenyewe inasimama pale. Nenda kesho saa nane mchana. Usiende usiku, asije akashtuka. Sema jina lako na ghorofa unayokaa kabla hajakuuliza. Usianze na habari za wokovu. Muulize hali yake. Akikufungia mlango, muage kwa adabu, mwachie karatasi yenye namba yako, ushuke, kazi yako imekwisha na hudaiwi. Akikukaribisha ndani atakupa kahawa nyeusi isiyo na maziwa. Kunywa. Uzime simu, maana atakuwa na maneno mengi, na ukitoka pita kwangu unieleze.